Kunyanyua Land Cruiser kwa inchi mbili: usikaze bushi gari likiwa hewani

Gari lililonifundisha kazi hii ni Land Cruiser HZJ79 ya kubeba watalii. Tulilifunga springi mpya hapa gereji kwetu Unga Limited, Arusha, likatoka limesimama vizuri kabisa. Baada ya safari ya tatu dereva akalirudisha. Alishuka, akanipa funguo, akasema: "Fundi, gari limenyanyuka kweli. Lakini kutoka Naabi hadi geti la Lodoare nimelishika kwa mikono miwili kama ng'ombe anayekataa kamba."

Nililala chini ya lile gari na tochi kwa saa nzima. Nikakuta makosa mawili, yote yangu. La kwanza, nilinyanyua mbele bila kurekebisha kasta, yaani ule ulalo wa ekseli ya mbele unaorudisha usukani katikati. La pili, nilikaza bolti za bushi zote (vile vipande vya mpira kwenye maungio ya springi na ekseli) gari likiwa juu ya stendi, ekseli ikining'inia. Mpira wa bushi ulikuwa umeanza kupasuka midomo pembeni ya bomba lake la chuma. Tangu siku hiyo nimefunga mengi, na kila linaloletwa kwangu limeharibiwa kwingine, mara nyingi nakuta moja ya makosa hayohayo.

Ninachoeleza hapa ni Land Cruiser za 78 na 79 zilizotoka kuanzia 1999, ambazo mbele zina springi za koili na ekseli nzima, nyuma zina springi za majani. Hilux na Prado za kisasa mbele ni kitu kingine. Koili yake imebanwa juu ya shokapu, na ukifungua nati ya juu bila kuikamata springi kwa mashine yake, inaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Usiguse hiyo kwa kusoma maelezo haya.

Kwanza tuelewane springi inanyanyua nini. Wateja wengi huja wakisema difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli, inagusa udongo kule Ndutu wakati wa masika, kwa hiyo wanataka gari juu. Springi hainyanyui difu hata milimita moja. Difu imekaa ndani ya ekseli, ekseli imekaa juu ya tairi. Ukitaka difu ipande, badilisha tairi. Ukitoka 235/85R16 kwenda 285/75R16, kipenyo kinaongezeka kama milimita 28, na difu inapanda nusu yake, milimita 14. Springi inanyanyua chesisi na bodi, inatoa nafasi ya tairi kubwa isikwaruze madigadi, na inaipa ekseli nafasi ya kupanda na kushuka bila kugonga. Hiyo nafasi ndiyo faida yenyewe, hasa kwenye barabara zetu za mawimbi. Milimita 50, yaani inchi mbili, zinatosha. Ukizidi hapo, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), fimbo za usukani na mipira ya breki vyote vinaanza kudai pesa yake, na gari lenye paa la kufunguka na abiria saba halihitaji kuwa refu zaidi ya hapo kwenye kona za Rhotia.

Kabla ya kununua chochote, pima uzito. Springi huuzwa kwa mzigo wa kudumu, yaani uzito unaokaa ndani ya gari siku zote: bodi ya safari, viti, friji, tairi mbili za akiba, tangi la pili la dizeli, bampa la chuma. Abiria na mabegi ni mzigo wa kupita. Peleka gari kwenye mzani likiwa na vitu vyake vya kila siku, upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Ukifunga springi ngumu kuliko mzigo, gari litarukaruka na kutupa nyuma kwenye kokoto. Ukifunga laini, baada ya miezi michache limerudi lilipokuwa. Yule anayekwambia "weka ngumu kabisa, zitadumu" hakai ndani ya gari lako, wala haumwi mgongo kwa niaba yako.

Na tafadhali, usiongeze jani la lori la Fuso juu ya springi za zamani. Naiona kila wiki. Jani moja gumu linabeba kazi ya yote, majani laini yanabaki kama mapambo, na siku moja jani kuu linakatika karibu na jicho, lile tundu la mwisho wake. Vilevile kutia kitofali cha chuma kati ya ekseli na springi ya nyuma: kimoja kilichotengenezwa vizuri kinaweza kuishi, viwili kimoja juu ya kingine sivifungi kwa bei yoyote.

Jioni ya kabla

Paka mafuta ya kulainisha kutu kwenye nati zote utakazofungua: yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), pini za springi, sheko (kishikio kinachocheza cha nyuma ya springi), shokapu juu na chini. Ziache zilale nayo. Kwa magari yanayoshuka kreta ya Ngorongoro na kupita kandokando ya Natron, chumvi na magadi vimeshakula nyuzi, na ukija asubuhi na spana kavu utakata bolti.

Kisha chukua futi ya chuma, weka gari sehemu tambarare, upepo wa tairi sawa pande zote, na upime kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu wima hadi ukingo wa digadi. Usipime kutoka chini, maana tairi na udongo vitakudanganya. Andika namba nne. Gari nililofunga mwezi uliopita lilikuwa mbele kushoto 495, mbele kulia 486, na nyuma lilipishana milimita nne. Kwa hiyo lilikuwa limeinamia upande wa dereva kabla sijaligusa, na mwenye gari nikamwonyesha kwa macho yake. Bila zile namba angeniambia nimelipindisha mimi.

Piga picha ya usukani gari likienda moja kwa moja pia. Utaihitaji.

Nyuma

Mimi huanza nyuma. Weka kabari mbele ya matairi ya mbele, nyanyua kwa jeki ya toroli chini ya difu, kisha stendi mbili chini ya chesisi, mbele ya mahali springi inaposhikilia. Stendi ziwe za tani zinazolitosha gari, juu ya zege au bamba la chuma, siyo juu ya udongo. Jeki ibaki imebeba ekseli kwa wepesi.

Fungua shokapu. Fungua fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vavu ya kugawa breki, ukiweka alama ilipokaa. Fanya upande mmoja wa springi kwa wakati mmoja, ili upande wa pili uishike ekseli isikukimbie. Legeza yubolti, shusha ekseli taratibu ukiangalia mpira wa breki, kisha toa pini ya mbele na sheko ya nyuma.

Springi mpya ina mbele na nyuma. Senta bolti, ile inayoshika majani pamoja, haiko katikati kabisa mara nyingi, na jani la pili lililozungushwa jicho hukaa upande wa mbele. Ukigeuza, ekseli itasogea na gurudumu halitakaa katikati ya digadi. Paka grisi kwenye pini, pandisha jicho la mbele kwanza, halafu sheko, nati za kushika tu kwa mkono. Shusha springi juu ya ekseli, na hapa inama uangalie kwa jicho lako: kichwa cha senta bolti lazima kizame ndani ya tundu la kikalio cha ekseli. Kama kimekaa juu ya ukingo wa tundu, yubolti zitaonekana zimekaza kumbe zimekaza uongo.

Yubolti ziwe mpya. Nilipokuwa bado kijana wa spana nilirudisha za zamani ili kumpunguzia mteja gharama. Zile bolti zikikazwa mara moja huwa zimevutika, na ukizikaza tena zinalegea zenyewe. Gari lile lilikuwa linatoka Engaruka kwenda Natron; yubolti zikalegea, senta bolti ikakatwa na ekseli ikarudi nyuma upande mmoja. Dereva alisema liliendelea kutembea, lakini ubavu ubavu kama kaa. Lilikuwa na watu saba ndani. Hakuna aliyeumia, na mimi sijawahi tena kufunga yubolti iliyokwishatumika.

Kaza nati nne kwa msalaba, kidogo kidogo, ukihakikisha nyuzi zinazobaki juu ya nati zinalingana zote nne. Kipimo cha mwisho kitoke kwenye karatasi iliyokuja na seti, kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, siyo kwa bomba refu na nguvu za vijana wawili.

Mbele

Mbele kuna mikono miwili mirefu inayotoka kwenye ekseli kwenda nyuma na kushikwa kwenye chesisi, na kuna fimbo ya mshazari, panhadi, inayozuia ekseli isiende pembeni. Stendi zikae chini ya chesisi nyuma ya vishikio vya ile mikono. Toa magurudumu, fungua shokapu, viunganishi vya stebilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) na mwisho wa panhadi ulioko kwenye ekseli. Shusha ekseli kwa jeki hadi koili ilegee na kutoka kwa mkono. Usiitoe kwa nondo. Kama haitoki, kuna kitu hujafungua, au mpira wa breki ndio unaobeba ekseli.

Seti nyingine zina koili mbili zisizolingana urefu kidogo, zenye alama ya upande. Soma lebo kabla ya kuichana. Mwisho wa waya wa koili ukae kwenye ngazi yake katika kikalio cha chini, na mpira wa juu usisahaulike.

Sasa kasta. Iangalie baiskeli: fito za mbele zimelala, na ndiyo maana unaweza kuachia usukani kidogo ikaenda moja kwa moja. Ekseli ya gari imelazwa vilevile. Ukinyanyua chesisi, ncha za nyuma za ile mikono zinapanda, ekseli nayo inazunguka nayo, sehemu ya juu ya kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia) inasogea mbele. Ule ulalo unapungua, na usukani unapoteza hamu ya kurudi katikati. Ndicho kilichompata dereva wangu wa Naabi. Dawa ni bushi za kasta, ambazo tundu lake halipo katikati, zinazoingizwa kwenye mikono kwa upande wa ekseli. Unahitaji presi, usizigonge kwa nyundo. Zina mshale au alama, na ukiziweka kinyume umeongeza ugonjwa mara mbili. Weka alama ya rangi kwenye mkono kabla ya kutoa bushi ya zamani ili ujue juu ni wapi.

Bushi hizo zina gharama nyingine ya kufahamu: zinaporudisha kasta, zinainamisha pua ya difu ya mbele, pale propela inapoungana, na pembe ya propela ya mbele inaongezeka. Kwa milimita 50 gari huvumilia. Kwa zaidi ya hapo utaanza kuchagua kati ya usukani mzuri na propela nzuri.

Panhadi nayo. Gari likipanda, ile fimbo inalala zaidi na ekseli inavutwa kuelekea upande ambao fimbo imeshikwa kwenye chesisi. Pima kutoka ukingo wa tairi hadi chesisi pande zote mbili. Milimita chache hazina neno. Zikizidi sentimita moja, funga panhadi ya kurekebishika.

Kukaza chini

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na unafanya kazi kwa kujinyonga. Ukikaza bolti ekseli ikiwa inaning'inia, umemwambia ule mpira kwamba hapo ndipo mahali pake pa kupumzika. Ukishusha gari, unabaki umejinyonga muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Gari linasimama juu kuliko linavyotakiwa, linaweza kuinamia upande mmoja, linakuwa gumu, na bushi zinapasuka.

Kwa hiyo: bolti za mikono, panhadi, pini za springi, sheko, na bushi za chini za shokapu, zote ziwe za kushika tu. Rudisha magurudumu, shusha gari, likanyage ardhi kwa uzito wake. Tikisa bampa mbele na nyuma, lisogeze mita mbili mbele na nyuma ili likae. Ndipo uingie chini na spana ya toki ukaze. Gereji isiyo na shimo iliendeshe juu ya mbao nne nene. Ni kazi ya shida, mgongo unalalamika, na ndiyo maana mafundi wengi wanairuka.

Baada ya hapo, pandisha gurudumu moja la mbele juu ya kifusi (sisi tuna rundo la moramu karibu na geti), na uangalie ekseli iliyoning'inia upande wa pili. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Mpira wa breki usivutike ukawa kama uzi wa gitaa. Bomba la kupumua la difu lisichomoke. Waya wa handibreki usikaze. Shokapu ndiyo inayotakiwa kufika mwisho kwanza, kabla ya mpira wa breki. Ukibadilisha mpira wa breki, toa hewa kwenye mfumo wa breki kwa magurudumu yote.

Vavu ya kugawa breki mafundi wengi hawaigusi kabisa. Inapima mzigo kwa umbali kati ya ekseli na chesisi. Ukinyanyua gari, inaamini gari halina kitu, na inapunguza breki za nyuma. Ukijaza watalii na kuteremka ukuta wa bonde la ufa kuelekea Mto wa Mbu, breki za mbele zinabeba peke yake. Seti nzuri huja na kipande cha kurefusha kishikio cha ile fimbo. Kama hakipo, kitengenezwe kwa kiasi kilekile gari lilichopanda nyuma.

Maliza kwa alaimenti (kunyoosha magurudumu kwa mashine), kurudisha usukani katikati kwa kurekebisha fimbo ndefu ya usukani (siyo kwa kung'oa usukani na kuugeuza), na kushusha taa za mbele. Anayekuja kinyume chako usiku njia ya Moshi atakushukuru.

Likisumbua

Usukani hautulii, unakimbilia kushoto na kulia kwenye lami: anza na upepo wa tairi, kisha kasta. Omba karatasi ya mashine ya alaimenti, usikubali maneno matupu. Kama tairodi (fimbo za usukani) zina mchezo, yaani zimelegea, hakuna kasta itakayokusaidia.

Mbele inatetemeka kwa nguvu ukipiga shimo, usukani unapigana na mikono hadi upunguze mwendo: hii inatisha, na wengi hukimbilia kununua dampa mpya ya usukani. Dampa itaficha tu. Mwambie mtu akae ndani, injini iwake, azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, wewe ukiwa chini umeweka kidole kwenye kila kiungo. Bushi ya panhadi iliyolegea utaisikia kwa kidole kabla ya kuiona. Kisha nyanyua gurudumu, lishike juu na chini ulisukume: likicheza, ni beringi za kitovu au za kingpini. Mwisho ni balansi ya tairi.

Gari linavuma na kutetemeka kuanzia kama kilomita 60 kwa saa: propela. Geuza hab za mbele ziwe huru (FREE), uendeshe bila four-wheel. Mtetemo ukiisha, ni propela ya mbele. Ukibaki, angalia nyuma: krosi (kiungo cha propela), beringi ya kati kama gari limerefushwa chesisi, na pembe ya pua ya difu, inayorekebishwa kwa kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na ekseli. Kabari hiyo iwe na senta bolti ndefu inayoifaa.

Linagonga ko-ko kwenye mawimbi: shika stebilaiza utikise, kisha bushi za juu za shokapu. Bushi iliyokazwa hadi ikapasuka inagonga sawa na iliyolegea.

Limeinama: rudi kwenye namba zako nne. Kama tofauti ni ileile ya zamani, halikuharibika, ndivyo lilivyo, na linarekebishwa kwa spesa nyembamba juu ya koili upande ulioshuka. Kama tofauti ni mpya, angalia kama koili zimebadilishana pande, kisha legeza bushi zote gari likiwa chini, litikise, ukaze upya. Nimewahi kuona gari likirudisha milimita nane kwa kulegeza na kukaza tu.

Limekaa juu kuliko ulivyoahidiwa siku ya kwanza: subiri. Springi mpya hujikalia wiki za mwanzo.

Baada ya kilomita 500 lirudi gereji, kabla ya safari ndefu. Mimi huchora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kila nati ya yubolti hadi kwenye bamba, ili hata dereva akiwa kambini Seronera ainame asubuhi na tochi aone kama mistari bado imekutana. Yule dereva wa Naabi huwa ananitumia picha ya mistari hiyo kila safari, yote nane, na chini yake ameandika namba nne za digadi.